Jeki ya Karavani ya Baba

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hunijia na harufu ya mkate wa kumimina. Mama alituita jikoni, mimi na kaka yangu Said, akafunga mlango. Tulikuwa watu wazima tayari, tuna kazi zetu hapa Maskati, lakini Mama akiufunga mlango ule, utoto wote ulikuwa unaturudia.

Kisa kilikuwa karavani ya Baba. Alipostaafu ualimu aliinunua kuukuu, akaitengeneza mwenyewe, na kila akipata nafasi akiikokota kwa gari, yeye na Mama, mpaka ufukweni Yiti. Sasa karavani, kabla hujaifunga kwenye gari au kuifungua, lazima uinue shingo yake, ule mkono wa mbele unaoshikana na gari, kwa jeki iliyopo hapo, na jeki yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka ule Baba akapasuliwa bega. Daktari akamkataza kabisa kazi kama hiyo. Mimi na Said, kwa mapenzi tu, tukaanza kuitafutia karavani mnunuzi bila ya kumwambia. Khabari zikamfikia. Hakugomba. Akawa anakaa uani akiitazama mpaka chai yake inapoa.

Mama akatwambia taratibu, "Baba yenu kinachomuuma ni bega. Nyinyi mnataka kumkata na miguu."

Utu uzima dawa, mwanangu, ingawa dawa yenyewe mara nyengine chungu.

Mama akasema amesikia kuna jeki za umeme, unabonyeza kitufe tu, shingo inapanda. Basi tukenda naye duka moja kule Rusayl, lenye trela nje ya kujaribia. Said akaivamia ile kubwa kuliko zote, inang'aa, inainua upesi. Muuzaji naye akaisifu. Mama akawaacha waisifu mpaka wachoke, kisha akauliza: betri ikifa huko mchangani, itakuwaje? Muuzaji akamjibu kuwa zote zina mpini wa akiba. Mama akaomba auzungushe yeye. Wa ile kubwa ukamshinda. Akajaribu nyengine, ya polepole, yenye wayo mpana usiozama mchangani. Said akahakikisha kwanza kuwa nguvu za jeki hiyo zinauzidi uzito wa shingo ya karavani yetu, maana hapo hapana mas-hara. Mama akaushika mpini, ukazunguka.

"Hii," akasema.

Said akamwambia kwa adabu kwamba ile nyengine ina nguvu zaidi. Mama akamtazama kwa huruma.

"Said mwanangu, siku umeme ukikataa, wewe utakuwa kazini kwako. Atakayekuwa na baba yako pale ni mimi."

Nyumbani hakulitaja bega hata kidogo. Alimwambia Baba amechoka kukaa ndani siku za Ijumaa, na safari hii anataka kujifunza kazi. Baba akakunja uso, akaizunguka ile jeki, akainama kuutazama wayo. Kabla ya alasiri jeki ishafungwa, Baba akitoa amri, Said akikaza skrubu.

Na betri ilikuja kufa kweli, mwanangu, wako Yiti wawili tu. Mama akazungusha, akapumzika, akazungusha tena, na Baba kaweka mkono wake mzima juu ya wa mkewe, akimhimiza kama mwanafunzi wake. Tuliyapata haya kwa Baba mwenyewe, akituhadithia kwa kujigamba utasema kaoa upya. Wakenda hivyo miaka mingi, mpaka wenyewe wakasema basi, sasa wamekinai.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na chombo nacho ni hivyo hivyo. Ukichagua kitu, usikichague kwa siku kinapong'aa dukani; kichague kwa siku kitakapokataa, na umfikirie atakayekuwepo siku hiyo. Na wazee wako wakidhoofika, usiwe mwepesi wa kuwaondolea wanachokipenda ukaita huruma. Watafutie njia ya kuendelea nacho, na njia hiyo iwastahi.

Mola akuweke, mwanangu, akupe mwenza wa kushikana naye mikono pakizama mchanga, na akujaalie watoto watakaokuuliza unataka nini kabla ya kukuamulia. Amin.