Chupa ya kulia iliyomshinda Stella

Jamani, leo nimemfundisha mwanangu kulenga chupa mpaka machozi yakanitoka.

Baada ya misa kina mama wa Milanzi tulikuwa na michezo. Tunasimamisha chupa kumi zenye mchanga, unabiringisha mpira mara mbili. Mimi ndiye nawaelekeza wenzangu. Shule sina, ila shabaha ninayo, nimefukuza ndege kwenye ulezi tangu utotoni.

Stella wangu, aliyeolewa Kasense mwaka jana, mpira wa kwanza akaangusha tisa. Ikabaki moja ya kulia.

Akakosa. Zamu yake ikaisha, ila nikamrudishia mpira ajifunze, akakosa tena. Kila mara unakwenda kushoto.

Nikamwambia asogee, akunje goti, mkono uishie kwenye chupa. Wapi!

Nikainama nyuma yake nione anachokiona.

Nyuma ya ile chupa alikuwa amekaa mama mkwe wake, aliyekuja naye kutazama.

Nikamnong'oneza, "Unamwogopa? Anakutesa?"

"Mama jamani! Nitamtupiaje mpira mkwe wangu?"

Mnanijua, nikinong'ona ni kama natangaza. Mkwe akanyanyuka, nikajua leo kimenuka.

Akaja mpaka kwa Stella, akamshika bega. "Haya tupa, mwanangu. Mimi niko huku kwako."

Mpira ukaenda kulia mno, chupa haukuigusa. Wakacheka wote wawili mpaka wakakaa chini kwenye nyasi.

Tangu harusi nilikuwa sina amani. Leo nimerudi nyumbani nimekula nikashiba.

Nyie mlioozesha mabinti, mlijulia wapi kwamba mtoto kafika pazuri?