Dalia Zilizolala Ndani ya Chandarua

Juzi nilirudi Kalemie, na nikishuka kuelekea ziwani nikaona bustani ya kabichi iliyofunikwa chandarua cha mbu, kile cha buluu tunachokiita mustikeri. Mwenye bustani alinikaribisha kwa heshima. Nikampa mgongo. Nilijaa hasira, na yeye hakuwa amenikosea kitu.

Nyumbani kwetu nusu ya kiwanja ilikuwa ya dalia, maua ya nkambo, mama yake baba. Viazi vya kuzipanda alivitoa Kongolo, akaja navyo kwa treni akiwa amevifunga ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Zilichanua nyekundu kama divai ya misa, nyingine njano kama kiini cha yai. Kila Jumamosi alikata chache kwa ajili ya Bikira, na Noeli altare nzima ilikuwa yake. Parokiani walimwita Mama wa Maua. Sidhani kama kuna jina jingine alilowahi kulipenda.

Mvua zikianza, wadudu nao walianza. Koa walitoka gizani kula chipukizi. Hao tuliwaweza kwa majivu ya jikoni na vigae vya vyungu: asubuhi tunavipindua, tunawaokota walipojificha, bata wa jirani wanapata chakula. Adui mwenyewe alikuwa mbawakawa mweusi wa mistari ya njano, anayefika jua likishapanda na kuchagua petali, si jani. Ukimponda kwa kidole unatoka lengelenge. Mimi na mudogo wangu, msichana aliyekuwa hajaanza shule, tulipewa kopo la maji ya sabuni. Tunagusa ua kwa kijiti, mdudu anaanguka majini. Mudogo wangu aliwatukana mmoja mmoja, wezi wa Bikira, kwa sauti ileile ya nkambo. Tulinuka tumbaku na pilipili alizoloweka nkambo kunyunyizia. Kisha tulikula muhogo wa kuchemsha na ndagala, dagaa wa ziwani, mikono ikituwasha. Nilikuwa na furaha, na hilo nalo linanikasirisha.

Mwaka mmoja watu wa afya waligawa vyandarua bure. Kwetu vilikuja viwili. Kimoja kikaenda chumbani kwa baba na mama, kingine juu ya mkeka tuliolalia sisi wawili pamoja na nkambo. Hakikukaa. Mbawakawa walikuwa wengi kuliko sabuni yetu, na asubuhi moja nkambo akakifungua, akasimika miti, akakitandaza juu ya dalia na kushonea pindo lake kwenye magunia ya mchanga, hata sisimizi asipite. Alisema damu ya mzee ni chungu, mbu wanaitema. Damu ya watoto hakuitaja.

Jirani yetu, mama aliyekuwa akianika ndagala upande wa pili wa ua wa matete, aliona akacheka. "Mu ile nyumba," akasema, "kama unataka kulala muzuri, uzaliwe maua."

Tulicheka sote. Mama alimuuliza nkambo mara moja tu, kwa upole, kama mke anavyomuuliza mama mkwe. Akajibiwa kwamba ni mpaka Noeli, na kwamba kitu ulichomwazima Bikira hakipotei.

Sasa sikiliza. Mbawakawa anakula mchana. Mbu wa malaria anauma usiku. Chandarua kimoja kingetosha maua na watoto, kama kila jioni mtu angekifungua na asubuhi kukirudisha. Nkambo alijua saa ya kuamka ya kila mdudu wa kiwanja chake. Alikwepa tu kazi ya kushona na kufumua kila siku. Hasira yangu yote imekaa pale, kwenye ule uzi.

Noeli ikikaribia, mudogo wangu alishikwa na homa, halafu degedege. Mama alimfunga mgongoni akakimbia naye hospitali. Alirudi akiwa amembeba mbele, amemfunika uso.

Nkambo alikata dalia zote. Hazijawahi kuwa nzuri vile, hakuna petali iliyotobolewa. Alikuja nazo mikono imejaa hadi kwenye jeneza dogo, na mama, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti, hakuipandisha hata siku ile.

"Mama, peleka kwa yule ulikuwa unamulindia. Hata moja isiguse mutoto wangu."

Baada ya mazishi nkambo alikata uzi, akarudisha chandarua juu ya mkeka. Dalia zilichanua tena, mbawakawa wakaja. Nilichukua kopo. "Acha wakule," akasema. Alikaa kwenye kigoda akiwatazama mpaka vikabaki vikonyo. Mvua zikaozesha viazi ardhini, hakuna aliyevifukua.

Mama na nkambo waliishi nyumba moja miaka mingi bila kulitaja. Mama ndiye aliyemwogesha nkambo katika ugonjwa wake wa mwisho. Siku hizi pale pana ukuta wa matofali, na mji mzima nimezunguka sijaona dalia hata moja. Picha ya mudogo wangu hatukuwa nayo. Nikijaribu kuukumbuka uso wake, ninaleta pua yangu mwenyewe, au macho ya mtoto wa mtu mwingine. Ila dalia zinakuja zenyewe, petali kwa petali, bila kovu, zimelindwa vizuri.