Kupumzika Ndani ya Mashine

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, Maman Mauwa anakaa ukingoni mwa kitanda na kutaja ndugu zake saba, mkubwa mpaka mdogo, wazima na marehemu. Akikosea, anaanza upya. Kahawa inapoa. Alianza hivyo tangu dada yake Berthe, kule nyumbani Likasi, alipoanza kuita watoto wake mwenyewe «wageni». Mama yao naye aliisha vile vile.

Ni shangazi yangu. Anasafisha ofisi mtaa wa Evere, huku ughaibuni, alfajiri mpaka saa nne, na tangu nimjue sijamwona bila uchovu.

Kwenye saluni moja ya Matonge, mtaa wa watu wa kwetu huku, alikuta karatasi ukutani: hospitali inatafuta watu wa kupigwa picha za ubongo, mara tano, kila wiki mara moja. Mashine inaangalia ni sehemu gani za ubongo zinasemezana, halafu wanazichorea mistari. Chloé, msusi wake, alimtania: «Maman, bataona majina ya bachumba bako bote.» Yeye hakucheka. Alitaka mistari imwambie kama njia ya Berthe ni yake pia.

Tine, dada Mflamandi, mzungu wa huku, anayeendesha mashine, alimwambia kila wiki maneno yale yale: lala chali, tazama kale kamsalaba mbele ya macho, pumzika. Sasa kwetu, aliyepumzika ni aliyelala ama aliyekufa. Wiki ya kwanza Maman Mauwa alifumba macho akalala kabisa. Ya pili alisali rozari nzima moyoni; kelele ya mashine inagonga kama nyundo, nani hatasali? Ya tatu aliwaza ni nani anamwogesha Berthe. Ya nne hakukumbuka aliwaza nini, na hilo lilimnyima usingizi siku tatu.

Akaomba aonyeshwe. Nilikuwa pembeni yake. Tine alifungua picha nne kwenye skrini, na hakuna iliyofanana na mwenzake. Penye mstari mnene wiki hii, wiki ile hapana kitu.

«Donc, yangu ni gani?»

Tine alisema zote ni zake. Akamuuliza alikuwa akifanya nini mle ndani. Maman Mauwa akaeleza: usingizi, rozari, Berthe. Tine aliandika, taratibu, kama mtu aliyegundua amekuwa akiuliza swali vibaya. Halafu akasema ukweli: hata mtu akitulia vizuri, mistari inahama. Dakika kumi ni chache. Kwa watu mia pamoja wanaweza kusema jambo. Kwa mmoja, bado. Kuhusu ugonjwa wa dada yake, picha hizi haziwezi kumwambia lolote, aende kwa daktari wa kumbukumbu.

Maman Mauwa aliacha skrini, akamgeukia Tine.

«Bon. Mais mi siko batu mia, mutoto wangu. Niko muntu mumoja.»

Tine akamwomba arudi Alhamisi, picha ya tano, safari hii macho wazi, bila kusali. Itawasaidia sana kujua vipimo vinayumba kiasi gani.

«Itabasaidia bao, hapana mi,» aliniambia mimi peke yangu, bila hasira. Alifunga kitambaa kichwani, akamshika Tine mkono kwa mikono miwili, kama tunavyoaga watu wa heshima, akatoka. Alhamisi walimngoja. Hakuenda tena.