Nilivyokwenda Mdandu Kulinda Kura za Shangazi

Nilitoka Makambako Jumamosi alfajiri kwa sababu moja tu: simwamini mwenyekiti wa chama cha wakulima wa viazi cha Mdandu. Yeye ndiye anayegawa mbegu, na kila msimu kikundi cha shangazi Enesia hupewa zilizoanza kuoza. Uchaguzi uliopita shangazi aligombea dhidi yake. Ilikuwa kura ya mstari, kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka, huku mwenyekiti akiwatazama usoni. Nani angethubutu? Safari hii shangazi alinipigia simu: "Mwanangu, njoo uwe wakala wangu."

Saa mbili nilishuka Njombe mjini, ukungu bado umeziba maduka. Katibu wa chama alikuwa amefuata karatasi za kura zilizochapishwa huko, akanipa lifti kwenye pikapu. Ni mpwa wa mwenyekiti. Nilipanda, lakini moyoni nilijiambia huyu si wa kumwamini.

"Kaka, mstari tumeuacha," alisema tulipokuwa tunapita mashamba ya parachichi. "Na ile ya kuweka alama ya vema kwa mmoja tumeona haifai. Wagombea wakiwa watatu, mtu anashinda hata kama wengi hawamtaki, maana wanaompinga wamegawana kura."

"Sasa mtafanyaje?"

"Unaandika namba. Moja kwa unayemtaka zaidi, mbili anayefuata, tatu wa mwisho. Tunahesabu moja kwanza. Asipopatikana wa kuzidi nusu, mwenye moja chache anatolewa, na kura zake zinahamia kwa waliopewa mbili."

Kura inahama? Kuku wangu akihama banda, huwa nauliza nani kamchukua. Halafu hiyo moja. Nimeimba kwaya tangu ujana, na kwenye mashindano yetu majaji hutoa alama, mwenye alama nyingi ndiye mshindi. Sijaona kwaya iliyoshinda kwa alama moja. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: wanataka watu wa shangazi wampe moja moja, kisha wajumlishe.

Saa nne tulifika Mdandu. Shangazi alikuwa ametangulia ukumbini, lakini akina mama wa kikundi chake walikuwa uani kwake, wanakunywa chai kwa viazi vya kuchemsha.

"Kamwene," niliwasalimu.

"Kamwene, baba."

Nikainama, nikapunguza sauti. "Shangazi msimpe moja. Mpeni tatu. Moja mpeni mwenyekiti."

"Mbona katibu ametufundisha kinyume?" aliuliza bibi Yusta, jirani wa shangazi.

"Katibu ni mpwa wa nani?"

Waliguna, wakatazamana. Hakuna aliyebisha tena.

Saa saba kura zilihesabiwa mezani mbele ya wote, nami nimesimama karibu kabisa, sipepesi macho. Mgombea wa tatu, mwalimu mstaafu, alipata moja chache. Za mwenyekiti zilizidi nusu kwenye hesabu ya kwanza. Hakuna kura iliyohitaji kuhama.

"Hapa pana mchezo," nilisema. "Rudieni."

Wakarudia. Nikazishika karatasi mwenyewe. "Mnaona? Shangazi ana tatu nyingi kuliko wote."

"Ndiyo, kaka," alisema katibu taratibu. "Tatu ni wa mwisho."

Bibi Yusta akasimama. "Sisi tumeandika alivyotuelekeza huyu mgeni wa Makambako."

Shangazi aliniangalia mara moja, kisha akatazama mikono yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba mwenyekiti uchaguzi urudiwe, nikaomba mbele za watu kwa aibu ambayo sijawahi kuionja.

"Zimeshahesabiwa mara mbili," alijibu, "tena kwa ombi lako."

Saa kumi shangazi alinisindikiza hadi kwenye bodaboda. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Msimu ujao mbegu zitagawiwa na mkono uleule, na kikundi chake kitapanda kitakachopewa.

Nimerudi Makambako nikizijua namna tatu za kupiga kura. Nimejifunza pia kwamba kura za shangazi nilizilinda dhidi ya kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Jana shangazi alinipigia simu. Tulisalimiana, nikamuuliza habari za Mdandu.

"Nzuri," alisema. "Mwenyekiti anakusalimu. Anauliza kama utakuja tena kwenye uchaguzi ujao."