Gari la Korea na Masikio ya Baba

Gari langu nililinunua kutoka kwa daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao baada ya kufanya kazi miaka mingi upande wa Mlima Elgon. Lilikuwa dogo, la Kikorea, milango mitano, na ndani lilinukia sabuni. Mimi ni mwalimu wa sekondari Kitale na ninakaa Matisi. Magari ya Kijapani ambayo kila mtu anayataka yalikuwa mbali na mshahara wangu. Hili halikuwa na mtu wa kuligombania.

Fundi wangu pale Matisi, mzee ambaye wazazi wake walihamia Trans Nzoia kutoka Nyeri kabla hajazaliwa, alifungua boneti, akatazama, akaifunga polepole.

"Mwalimu, hii ni gari nzuri," alisema. "Lakini siku itakufa, utaenda Korea kutafuta spea?"

"Si wewe ni fundi?"

"Mimi ni fundi wa Mjapani."

Lilikuwa limetumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, na kijiti cha indiketa kilikuwa kushoto, si kulia kama kwenye gari nililojifunzia. Wiki za kwanza, kila nilipotaka kukata kona waipa zilianza kupangusa kioo kikavu, na watu wa bodaboda wakajua kwamba mwalimu anageuka.

Lakini niliyemhofia zaidi ni baba. Baba yangu alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali mjini Bungoma kwa miaka thelathini. Alipeleka wakubwa milimani kwenye matope, akavuka mito wakati wa mvua, na hakuna siku aliyowahi kumiliki gari lake mwenyewe. Alipostaafu alirudi Bumula kulima mahindi. Nilipompigia simu kumwambia nimenunua gari, alifurahi kwanza.

"Gali ya aina gani?" aliuliza. Baba ni kama wazee wengi wa kwetu; l na r kwake ni ndugu.

"Ya Korea, papa."

"Wakorea wanatengeneza gali?"

"Wanatengeneza. Hata hiyo simu umeshika ni yao."

"Simu ni sawa," alisema. "Simu haipandi mlima."

Jumamosi iliyofuata nililipeleka Bumula. Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akaingia kiti cha mbele na leso yake kiunoni, akakaa tu huku gari limezimwa, akitabasamu. Baba alilizunguka mara mbili. Akabonyeza mlango kwa kidole gumba.

"Bati yake ni laini," alisema. "Kama ya sufuria."

Kesho yake mama na mimi tulienda kanisani kwa gari. Baba aliita bodaboda. Alitupita karibu na njia panda, mgongo umenyooka, Biblia kwapani, wala hakugeuka kututazama. Ikawa hivyo kila nilipoenda nyumbani, kwa zaidi ya mwaka mzima. Sikumlazimisha. Lakini sitasema uongo, iliniuma. Nilikuwa mtu wa kwanza katika nyumba yetu kununua gari, na mtu niliyetaka alipande kuliko wote alikuwa anakaa nyuma ya pikipiki ya jirani.

Mwaka huo wa kwanza gari halikunipa shida. Kisha likaanza kuzima. Mara ya kwanza ilikuwa saa saba mchana, jua kali, mbele ya maduka ya Matisi. Lilizima tu, likakataa kuwaka, na baada ya nusu saa likawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki iliyofuata, tena. Fundi alibadilisha plagi. Akasafisha tangi. Akatoa pampu ya mafuta, akakaa nayo siku mbili, akairudisha. Nikienda naye kulijaribu linaenda vizuri. Nikiwa peke yangu linazima.

"Ninajua utasema nini," nilimwambia.

"Sisemi kitu, mwalimu," alijibu, na kweli hakusema.

Nyumbani sikuwaambia. Nikienda Bumula niliondoka alfajiri kukiwa na baridi, nikaomba Mungu njia nzima.

Katika miezi hiyohiyo mama alinipigia simu. "Papa wako jana amesimama kwa barabara akisalimia mtu, anamuuliza habari za watoto. Kuangalia, ni ng'ombe ya jirani." Alicheka, halafu akaacha kucheka. Nilipofika nilijionea mwenyewe. Baba alijimiminia chai kando ya kikombe. Ilitiririka mezani ikamfikia magotini, naye akatulia, hakutaka tujue kwamba ameungua. Mama akapangusa meza. Nikamwambia baba kwamba Jumatatu tunaenda Kitale, kuna hospitali yenye daktari wa macho, na tunaenda kwa gari langu.

Nilitegemea ubishi. Alisema tu, "Sawa."

Jumatatu tulichelewa kutoka. Tulipopita Webuye jua lilikuwa limeshapanda. Baba alikaa mbele ameshika mpini juu ya mlango, na kila nilipokaribia kona mguu wake wa kulia ulibonyeza sakafu, ukitafuta breki. Hakuzungumza. Tulipovuka Kamukuywa na kuanza kupanda, gari likazima.

Nililiachia likajikokota hadi ukingoni, karibu na shamba la mahindi. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili na nikashindwa kumtazama. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja na niliona haya kama mtoto aliyevunja chungu.

"Imeanza lini?" baba aliuliza.

"Miezi miwili."

"Na fundi?"

Nikamweleza yote, plagi, tangi, pampu. Alisikiliza uso umeelekea mbele.

"Ikizima, inazima kama taa, ama kama mtu anasinzia?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. Nikafikiri. "Kama taa."

"Haikohoi kwanza?"

"Haikohoi."

"Basi si mafuta. Gali ikikosa mafuta inakohoa, inavuta, inakufa polepole. Hii imekatwa moto wa plagi." Akageuza kichwa. "Na ikipoa inawaka."

"Inawaka."

"Kuna kitu inachoshwa na joto. Fungua boneti."

Alizunguka akiwa ameweka mkono kwenye mwili wa gari asipotee. "Sasa wewe ndiyo macho, mayi," alisema. Huniita mayi, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mamake. "Niambie unaona nini."

Nikamwelezea kama ninavyowaelezea wanafunzi mchoro ubaoni. Betri iko kulia. Hapa kuna sanduku jeusi. Kuna mpira mnene unaenda nyuma. Kuna waya nyingi. Yeye akafuatisha maneno yangu kwa vidole. Akaomba chupa yangu ya maji na kitambaa. Alilowesha kitambaa, akakiweka juu ya kitu kimoja, akasubiri, akaniambia nijaribu. Stata ikazunguka bure. Akahamia kingine. Bure. Cha tatu, bure. Kisha akainama zaidi, mkono ukazama hadi kiwiko pale injini inapoungana na gia. Akaurudisha upesi.

"Kuna kitu hapa kama kidole, na waya mmoja. Ni moto kama jiwe la jikoni."

Akakifunika kwa kitambaa chenye maji, akamwagia mengine juu, mvuke ukapanda. Tukangoja kidogo.

"Jaribu."

Gari likawaka papo hapo.

Baba hakucheka wala hakujisifu. Alipangusa mikono kwa nyasi, akapapasa mlango, akaingia. "Twende," alisema. "Daktari anangoja."

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba angefanya upasuaji wa jicho la kwanza baada ya wiki tatu. Kutoka hapo tulipitia kwa fundi. Baba alipewa kiti, akaeleza. Niliogopa watagombana. Fundi akaingia chini ya gari, akatoka na mafuta usoni.

"Hiyo ni sensa ya krenki," alisema. "Ndiyo inaambia injini wakati wa kutoa moto. Sikuifikiria. Mzee, ulijuaje?"

"Gali inaongea," baba alisema. "Nyinyi vijana mnaangalia tu."

Fundi ana wajukuu. Alifurahi sana kuitwa kijana. Lakini sensa yenyewe hakuwa nayo, wala maduka ya spea ya Kitale, wala ya Bungoma. Wote walikuwa nayo ya Mjapani. Fundi alinipa spana namba kumi na kuniambia nikiona gari kama hilo limelala mahali, sensa imeshikwa na bolti moja tu.

Aliyelipata ni mama. Mwanamke mmoja wa kanisani alimwambia kuna gari lenye sura kama hiyo Myanga, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Jumamosi tukaenda, baba na mimi, na chupa tatu za maji kwenye kiti cha nyuma.

Mwenye kinu alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zimejaa unga. Alitupeleka nyuma bila kuuliza mengi. Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, limesimamishwa juu ya mawe, na kuku alikuwa ameatamia kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa la mumewe, karani wa shule, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Nikamweleza shida yangu, nikamwambia niko tayari kununua.

"Siuzi," alisema. "Watu wamekuja hapa wanataka kuikata vipande vipande. Nimewafukuza."

Baba alisogea mbele kidogo. "Mama, sisi hatutaki kuikata. Tunatafuta kitu kimoja, kama kidole hivi. Ukikataa pia hatutakasirika."

Mwanamke alimtazama, akaona namna baba anavyoelekeza uso pembeni yake kidogo. Kisha akanitazama mimi.

"Washa yako kwanza," alisema. "Nataka kuisikia."

Nikarudi nikaliwasha. Alisimama kando mikono nyuma. Baadaye akafungua mlango wa nyuma, akasogeza chupa zangu za maji, akaketi na kufunga mlango. Sikujua nifanye nini. Nilitulia na mikono kwenye usukani, injini ikinguruma taratibu. Kwenye kioo nilimwona anatazama nje dirishani, kama mtu aliye safarini.

"Alikuwa ananipeleka Bungoma kila Jumamosi," alisema. "Mimi napenda kukaa huku nyuma, ati nijifanye mkubwa. Watu walimcheka na hii gari. Yeye anasema, wacha wacheke, sisi tumekaa na wao wanatembea."

"Hata mimi wamenicheka," nilisema.

"Najua."

Alikaa kidogo tena, kisha akashuka. "Toeni hiyo kitu yenu," alisema.

Baba aliitoa mwenyewe. Nilimwekea spana mkononi, naye akaitafuta bolti kwa vidole, kwa kuwa alishajua mahali pake. Ilikuwa na kutu. Aliizungusha robo kwa robo akipumua kwa nguvu, na mwenye gari akawa amemshika kuku asirukeruke. Nilipotoa pochi, mwanamke akatikisa kichwa.

"Mkipita Myanga mpige honi," alisema. "Nikiwa ndani ya kinu sisikii, lakini mpige."

Tangu siku hiyo sijapita Myanga bila kupiga. Kuna wakati anatoka mlangoni, kuna wakati hatoki. Na gari, baada ya fundi kuifunga ile sensa, halijazima tena.

Siku ya upasuaji nililala kwenye benchi la hospitali. Asubuhi muuguzi alipofungua bendeji baba alipepesa jicho mara nyingi, machozi yakitoka. Alitazama dirisha, akatazama viganja vyake. Halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu mpaka nikauliza kama anaumwa.

"Umeanza kuwa na mvi, mayi," alisema.

Njiani hakunyamaza. Alisoma kila kibao kilichoandikwa, shule, kanisa, duka la dawa, bei ya kunyoa nywele, kutoka Kiminini hadi Bungoma. Mguu wake ulitulia. Tulipofika Bumula na mama akatupokea, baba alinyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

Nikamkatalia. Leseni yake iliisha zamani, na jicho moja lilikuwa bado halijatibiwa. Nilisema kwa upole, lakini nilisema. Aliurudisha mkono polepole, akaingia ndani. Hakuongea nami jioni hiyo yote. Nami sikulala vizuri, kwa sababu nilijua niko sahihi na bado nilijiona mkosaji.

Jicho la pili lilifanywa Agosti. Desemba nilipoenda nyumbani nilisimamisha gari kwenye lango letu, si barabarani, ndani kidogo, pale njia yetu inapoanza kati ya migomba. Kutoka hapo hadi nyumba ni kama mita sitini. Nikashuka, nikaacha injini inanguruma.

"Papa," nilimwita, "njoo uiingize. Mimi nimechoka."

Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Alirekebisha kiti, akarekebisha kioo cha katikati, akakanyaga klachi mara mbili kujua ilivyo. Alifanya yote bila haraka, kama mtu aliyepewa mkubwa wa kumpeleka mbali. Mama alikuwa uani na beseni la nguo. Baba akampigia honi fupi asogee, akalipitisha gari pembeni ya kamba ya nguo bila kugusa hata shati moja, akalizima chini ya paa la ghala.

Siku hizi ndivyo tunavyofanya. Nikifika langoni mimi hushuka na kutembea, yeye huingiza. Wakati mwingine humkuta ameshasimama pale, kofia kichwani, kwa kuwa amesikia gari likikunja kutoka barabara kubwa.