Siku Niliyojifanya Mluguru wa Matombo

Jamani, kuna aibu za kusimulia ukiwa umekaa wima na kuna za kusimulia ukiwa umejifunika kanga ya mkeo usoni, na hii yangu ni ya kanga, lakini kwa kuwa nusu ya Mafiga wanaijua na nusu nyingine wanaisimulia vibaya, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, viwanda vinauzwa, mitumba inamiminika, na mimi niliyekuwa nachora maua ya kanga kiwandani nilikuwa nimepunguzwa (ndilo neno lao, utadhani mtu ni chumvi kwenye mchuzi), nikabaki kuchora vichwa kwenye milango ya vinyozi. Ndipo likatua shirika moja na magari yake meupe, likatangaza ufadhili wa mwaka mzima kwa wasanii na waandaaji wa maonyesho "ambao sauti zao hazijasikika". Posho kila mwezi, rangi za kweli, chumba cha kuchorea. Nikasema hapa ndipo, maana kama kuna sauti haijasikika Morogoro nzima ni yangu, hata mke wangu haisikii.

Nikabeba picha zangu. Dada wa shirika, anaitwa Neema, akazitazama, akazisifu, kisha akauliza natokea wapi. Nikasema Mafiga. Uso ukamshuka. Akaniambia kwa upole, kama anamwambia mgonjwa, "Kaka, Mafiga ni mjini. Sisi tunatafuta jamii za pembezoni. Za milimani."

Yaani hata kusahauliwa kuna madaraja, na mimi nilikuwa nimesahauliwa mahali pasipofaa. Basi nikamwambia, "Mafiga nimepanga tu, dada. Sisi ni Waluguru wa Matombo." Hivyo tu, sentensi moja. Jina langu Shabani halikunisaliti, maana Shabani yumo kila kabila, na Neema akafurahi utadhani nimemposa. Ukweli ni kwamba wazazi wangu walitoka Tabora, Wanyamwezi watupu, na Matombo nilikwenda mara moja kununua ndizi nikarudi na homa.

Siku ya kuchagua mshindi tukakusanywa ukumbini, wasanii upande huu, wafadhili upande ule, na wazee wa Kiluguru walioalikwa wakapangwa mstari wa mbele kama maua ya mezani. Mimi nimevaa kikoi na kofia ya jirani (Neema aliniagiza nije "kiasili"). Mwenyekiti wa jopo alikuwa Mzee Kulwa kutoka Dar, na kwa upumbavu wangu sikujiuliza jina hilo ni la wapi. Neema akanitambulisha kwake: msanii wa Kiluguru, kutoka Matombo kabisa. Mzee akaweka kikombe chini, uso ukachanua.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Shikamoo ya nini? Mimi Mnyamwezi. Wewe mtani wangu."

Mnajua utani ulivyo. Mnyamwezi na Mluguru wametaniana tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi. Anaweza kukutukana, akakunyang'anya chakula mkononi, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Basi akanivua kofia akaivaa yeye, akala sambusa yangu, akatangaza kwamba Waluguru wote wana mguu mmoja mfupi kwa kuishi kwenye miteremko. Ukumbi ukacheka, na wale wazee wa mbele wakanigeukia wakingoja nimjibu. Mluguru yeyote angemjibu papo hapo, angemwuliza mzigo wa bwana wake ameutua wapi, angemvua viatu. Mimi nikasema, "Asante, mzee."

Kicheko kikakatika. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza, "Mwanangu, weye ukoo gani?"

"Ukoo wa pale... karibu na misheni," nikajibu (ukoo wa karibu na misheni, mimi huyu na akili zangu timamu).

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mama yangu.

Nilikuwa nimemwambia nina maonyesho. Kwamba nimebadili kabila sikumwambia. Kavaa kanga mpya, kabeba bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo watu wa Tabora hawawezi kuishi bila hivyo. Mzee Kulwa aliyaona matobolwa kabla hajamwona mama.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, baba," mama akaitikia kwa raha, kisha akaniona nilivyovaa, na akamsikia Neema akimwambia mfadhili mmoja, "Huyu ndiye Mluguru wetu halisi."

"Umemfuata nani hapa, mayu?" mzee akauliza.

Mama akanitazama. Nilipaswa kusema mimi, na sikusema, kwa sababu nilikuwa nautaka ule mwaka kuliko kitu chochote. Mama akamgeukia mzee. "Hakuna," akasema. "Nimekosea mlango." Akaliacha bakuli mezani, akatoka.

Hapo tena ndipo mdomo ukafunguka. "Yule ni mama yangu," nikauambia ukumbi mzima, isipokuwa yeye. Wazee wa mbele walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Kulwa hakucheka. Alivua ile kofia akanirudishia, maana kofia ya asiye mtani wako huwezi kuichukua.

Ufadhili akapewa binti wa Dar aliyewahi kupanda Uluguru wakati wa likizo akachora ukungu. Nadhani ukungu ndio jamii ya pembezoni waliyokuwa wakiitafuta.

Niliomba radhi, mama akasema yameisha. Nimeapa kwamba wakija tena, hata wakitaka malaika wa mlimani, nitawaambia mimi Mnyamwezi wa Mafiga na wasiponitaka waniache. Lakini tangu siku ile kila nikila kwa mama ananyoosha mkono, anachukua nyama kwenye sahani yangu, anasema, "Lete, Mluguru." Sina haki ya kununa. Nilichosubiri miaka yote hii ni acheke, maana mtani akichukua chako hucheka, na mama hajacheka bado.