Mshipi Mweusi wa Nyongeza

Sijui hata kwa nini ninawasimulia haya, maana wazazi wa ukumbi wa karate kule Ruiru wameshayasambaza hadi Juja na pengine yaliwafikia kabla yangu, lakini afadhali myasikie kwa mwenye aibu yake.

Mwaka mzima binti yangu Nekesa, wa miaka tisa, alinililia nimpeleke karate, na mwaka mzima nikampiga chenga, mpaka mwalimu mmoja akafungua darasa la Jumamosi kule Ruiru, likajaa, ikabaki nafasi moja tu, nasi tukaahidiwa hiyo. Mtoto hakulala wiki nzima. Mimi nikakimbia soko la mitumba hapa Thika kumtafutia nguo, na kwa bahati yangu (ndivyo nilivyoiita wakati huo) mama mmoja alikuwa amefungua belo jipya la nguo asubuhi hiyo, na juu kabisa kulikuwa na nguo ya karate ya saizi yake, nyeupe kama maziwa.

"Mishipi iko miwili, mweupe na mweusi," akaniambia. "Chagua mmoja, baba, nakupea nyongeza."

Sasa, mtu anayeishi mtaa wa Landless na kufua udongo mwekundu kila siku ya Mungu hafikirii mara mbili. Ule mweupe ungekuwa kahawia kufikia Jumatatu. Nikachukua mweusi kwa sababu hauonyeshi uchafu, nikaenda zangu nikijiona nina akili kuliko soko zima.

Ulikuwa mshipi wa mtu mzima, ikabidi nimzungushe Nekesa mara nne, na bado ncha zilimfuata nyuma kama mikia. Tulipovua viatu mlangoni na kuingia, watoto wote wakageuka kumtazama Nekesa. Kisha wakainama. Kwa mtoto wangu! Nikadhani ndivyo wanavyokaribisha wageni, nami nikainama, tena chini kuliko wao (soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu, kwa hiyo kidole gumba nacho kikawasalimu). Mwalimu Wairimu, mama mfupi mwenye sauti ya kusimamisha trela, akampeleka Nekesa mbele kabisa ya mstari, kwani kumbe pale watu hupangwa kwa rangi ya mshipi, na huo mweusi mtu huutafuta kwa miaka na miaka.

"Mzazi, huyu amefunzwa na nani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Lakini mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, mvi zikiwa zimeshaanza, na tangu nipate kile cheti hakuna swali linalonipita bila jibu.

"Na mimi," nikasema. "Nyumbani."

"Ahaa! Kumbe wewe pia ni mwalimu! Hebu njoo mbele, watoto waone."

Wazazi kwenye benchi wakatoa simu. Nekesa akanivuta shati, "Baba, usifanye," lakini tayari nilikuwa nimekunja suruali, nikapiga ukelele, nikarusha teke lililopita juu ya kichwa cha mwalimu, kisha mguu uliobaki chini ukaamua kumfuata mwenzake. Nilianguka kama gunia la mananasi. Mbwa walibweka hadi mtaa wa Kiuu.

"Wuui, mwalimu ameisha!" akasema baba mmoja kutoka benchi.

Mwalimu Wairimu hakucheka. "Hapa, anayevaa mshipi ambao hakuutolea jasho anarudi nyumbani. Ni sheria." Akafungua daftari la majina, akashika kalamu, na hapo ndipo nilipoumia kweli, maana jina lililokuwa karibu kukatwa si langu.

Nekesa akaanza kuufungua ule mshipi mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, akaukunja, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, sijui karate hata kidogo. Huu ulikuwa nyongeza sokoni. Baba aliuchukua kwa sababu hauonyeshi uchafu. Lakini mimi nataka kujifunza."

"Na huyu baba yako, yeye ni mwalimu wa nini?"

Nekesa akafikiria kidogo. "Wa kuongea."

Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. Akarudisha kalamu mfukoni, akamfunga mshipi mweupe wa wanaoanza, akampeleka mwisho kabisa wa mstari, na sijawahi kuona mtu akifurahia kuwa wa mwisho namna ile. Kisha akanigeukia: "Na wewe, mzazi, benchi. Mdomo ufungwe."

Tulirudishiwa ule mweusi. Uko kabatini, na Nekesa amekataza mtu yeyote kuugusa mpaka yeye aufikie. Mimi hukaa benchi kila Jumamosi, kimya, na nimeapa kwamba nikiulizwa nisilolijua, nitasema silijui. Hata kisa hiki nilimsomea Nekesa kwanza, naye akanirudisha pale kwenye teke. Basi nirekebishe: halikupita kichwa cha mwalimu. Lilifika goti.

Goti langu mwenyewe.